Cha Kutafuna na Cha Kulamba

Katika Kiswahili, chakula kikavu ni chakula kilichokosa mwenziwe. Ugali mkavu huenda umeepuliwa sasa hivi, unafuka moshi, una maji ya kutosha kuunguza kiganja. Huitwa mkavu kwa kuwa pembeni yake hakuna maharage wala mchicha wala kipande cha samaki. Wali mkavu ni vivyo hivyo. Chai nayo, ambayo karibu yote ni maji, ikikosa maziwa huitwa chai kavu, na wako watu ambao kwao chai kavu ni ile iliyoletwa mezani bila kitafunio. Maji yanaitwa makavu, na hakuna Mswahili anayeshangaa. Mtu akikusalimu bila kukuuliza habari za watoto amekusalimu kavukavu. Anayekutazama bila haya baada ya kukukosea ana macho makavu. Kivumishi hiki kinapima upweke wa kitu kabla hakijapima maji yake.

Haya niliyafundisha kidato cha pili kwa miaka mingi, chini ya mada ya maana za maneno, nikidhani ni mambo ya kitabuni. Mwaka huu yamenifuata nyumbani, Majengo, mjini Moshi, yakiwa na mkia.

Dada yangu, anayeishi Kibosho katika kihamba cha marehemu baba yetu, aliniletea mtoto wa paka. Mama yake alizaa juu ya dari, kati ya magunia ya mahindi, mahali ambapo kila kihamba cha mlimani hupenda paka azalie, maana panya nao hupapenda. Alikuwa wa mwisho kuzaliwa, mdogo kuliko wenzake wote, nikamwita Kituo, kwa jina la mshororo wa mwisho wa ubeti. Majirani wanadhani nimemwita kwa jina la mahali basi linaposimama, na sijajishughulisha kuwasahihisha.

Hapa nitoke njiani kidogo. Ng'ombe ana ndama, kuku ana kifaranga, ndege ana kinda, lakini paka kwetu ana mtoto tu, kama mimi na wewe. Vitabu vya shule vya wenzetu wa Kenya hufundisha kipusi, nami sina ugomvi nalo, ila sijawahi kumsikia mtu wa Moshi akilitamka bila mtihani mbele yake. Nimebaki na mtoto wa paka. Jina hilo linamkumbusha mfugaji kwamba aliyeletewa ni mtoto, na mtoto hula tofauti na mkubwa.

Mjukuu wangu, anayesoma chuo hapa mjini, alifurahi kuliko mimi. Akaenda kwenye duka la dawa za mifugo akanunua mfuko wa chakula cha paka cha punje, pamoja na vile vifuko vidogo vya gramu 85 vyenye nyama iliyopikwa ndani ya mchuzi mzito. Vyote vilitoka ng'ambo, na maandishi yake yote yalikuwa ya Kiingereza. Wiki ile ile nilipata msiba Tanga, nikasafiri kwa siku 5. Mjukuu naye alikuwa na mitihani. Basi akaviweka vitu vyake juu ya kabati la jikoni, akaandika maagizo kwenye karatasi kwa ajili ya binti anayenisaidia kazi za nyumbani, akaibandika mlangoni. Karatasi ile bado ninayo. Inasema: Asubuhi na mchana apewe chakula kikavu. Jioni apewe chakula cha majimaji. Usimpe maziwa.

Binti huyu ni mzaliwa wa Pangani. Kiswahili ni lugha aliyonyonya. Hakukutana nacho darasani kama sisi wa mlimani tuliotoka na Kichaga nyumbani. Aliisoma karatasi, akaitii. Asubuhi na mchana alimpa Kituo ugali mkavu, akiumega vipande vidogo kwa huruma. Jioni alimpa uji wa dona, mwepesi, usio na sukari. Maziwa hakumpa. Ule mfuko uliotoka duka la dawa alidhani ni dawa, na kwa kuwa karatasi haikutaja dawa, aliuacha ulipo mpaka nirudi.

Niliporudi Kituo alikuwa amelala kwenye kona ya jiko, tumbo limevimba kama ngoma na mbavu zinahesabika. Nilimvuta ngozi ya shingoni kwa vidole viwili; badala ya kurudi mara moja ilibaki imesimama kama hema, kisha ikashuka polepole. Nilimfunga katika kanga nikampeleka kwa daktari wa mifugo, ambaye niliwahi kumfundisha ushairi na ambaye kwa bahati alipata alama nzuri zaidi katika baiolojia. Alimpima: gramu 540, akiwa na wiki 7. Akamchoma sindano ya maji chini ya ngozi, akasema tusubiri usiku upite.

Usiku ule nyumba ilikuwa na majonzi ya aina mbili. Mjukuu alikuja, akasikia, akasema maneno makali kuhusu watu wasiosoma maandishi. Binti hakujibu. Nilipokwenda jikoni kuchukua maji nilimkuta amekunja nguo zake, ameziweka katika begi.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, ingawa tulikwisha kuamkiana. "Mimi kesho nitaondoka. Lakini nilimpa kama karatasi ilivyosema."

Nikamwambia aketi. Nikaibandua karatasi mlangoni, nikawasha taa ya mezani, nikamwita mjukuu naye aketi. Nikaisoma karatasi ile kama nilivyosoma maelfu ya karatasi za mtihani, neno kwa neno, nikitafuta alama za kumpa kila mmoja. Nilitoa alama zote kwa msomaji. Chakula kikavu ni ugali usio na mboga: sahihi. Chakula cha majimaji ni uji: sahihi tena, hivyo ndivyo wauguzi wanavyosema wodini wanapomwagiza mgonjwa aliyetoka kupasuliwa. Anayetaka msomaji wake aelewe kitu kingine lazima atumie maneno mengine. Mjukuu ni kijana mwema, na alichofanya ni kile wanachofanya watu wengi wanaotafsiri vifungashio: alitazama neno la Kiingereza, akachukua neno la Kiswahili lililokaa karibu nalo katika kamusi, wala hakuuliza linaishi na nani. Alimwomba binti radhi. Begi lilirudi chumbani, ingawa nguo zilikaa ndani yake siku 2 zaidi.

Kituo aliuona usiku ukipita. Lakini swali lilibaki mezani, nalo lilikuwa maswali mawili yaliyofungwa pamoja: ale kipi, na hicho tukiite nini?

Nianze na jina, maana hapo ndipo wasomaji wa ukurasa huu mna hamu. Tukitafuta kinyume cha -kavu kwa habari ya vyakula, lugha yenyewe inatupa -bichi. Kuni kavu na kuni mbichi. Nguo iliyotoka kufuliwa ni mbichi mpaka jua liikaushe. Samaki mkavu na samaki mbichi, dagaa wakavu na dagaa wabichi; ukisimama soko la Mbuyuni utayasikia yote mawili kabla hujafungua pochi. Ni jozi ya kale, iliyokaa sawa. Bahati mbaya -bichi ina kazi nyingine: nyama mbichi ni ile isiyopikwa, na embe bichi ni lile ambalo halijaiva. Chakula cha kifukoni kimepikwa, tena kimepikwa ndani ya chombo kilichozibwa. Tukikiita kibichi tutakuwa tumempeleka binti wa watu kwenye bucha.

Wengine watapendekeza chakula chenye unyevu. Neno ni safi, la kijiografia, nami nililitumia darasani niliposhika kipindi cha mwalimu mgonjwa. Kwa mkulima, hata hivyo, chakula chenye unyevu ni taarifa ya hatari. Mahindi yenye unyevu ndiyo yanayoota ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara walikufa kwa sumukuvu, na tangu hapo maafisa ugani wamekuwa wakihubiri unyevu, unyevu, unyevu. Mwambie dada yangu wa Kibosho kwamba nimemnunulia paka chakula chenye unyevu, atakitupa shimoni kabla sijamaliza sentensi. Chakula cha maji ni supu au uji. Chakula laini ni cha wazee na watoto, yaani ni ndizi zilizopondwa. Chakula cha kopo kinataja bati, na siku hizi bati limegeuka kifuko. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lina kazi kubwa kuliko bakuli la paka, kwa hiyo sikuandika barua.

Sasa tuje kwenye chakula chenyewe. Daktari alinieleza siku ya pili, Kituo akiwa juu ya meza anamnusa kidole. Zile punje zina maji kiasi cha asilimia 10, pengine pungufu ya hapo. Kile cha kifukoni kina asilimia 75 hadi 80. Vyote viwili, kama vimeandikwa kwamba ni chakula kamili cha watoto wa paka, vinaweza kumkuza paka vizuri; tofauti yao kubwa ni maji. Na paka ni mnywaji mbaya wa maji. Asili ya paka wa nyumbani ni paka-mwitu wa Afrika, ambaye wataalamu humwita Felis lybica, mzaliwa wa nchi zenye ukame, aliyezoea kupata maji yake katika damu na nyama ya windo. Mwili wa panya, asilimia 70 hivi, ni maji. Paka wa dari ya Kibosho, asiyejua kopo wala kifuko, hula chakula chenye maji kila siku ya maisha yake, tena kikiwa na miguu minne. Figo zake zimejifunza kuukaza mkojo, na kiu yake ni ya uvivu. Mpe punje peke yake na atakunywa zaidi, lakini aghalabu hatafidia yote.

Kwa paka dume jambo hili lina uzito wake, kwa sababu njia yake ya mkojo ni nyembamba. Jirani yangu wa mtaa wa pili alikuwa na dume la kijivu, kubwa, lililojulikana mtaa mzima. Siku moja lilianza kuchuchumaa kila pembe ya uwanja likilia, halitoi hata tone. Walidhani limefunga choo, wakalipa mafuta ya kula. Siku ya tatu walilizika chini ya mparachichi. Daktari hakupenda kusema kwamba punje ndizo zilizoliua, kwa sababu ugonjwa huo una sababu nyingi: unene, kutotembea, hofu, na mengineyo. Alisema tu kwamba maji mengi mwilini humsaidia dume, na kwamba dume asiyekojoa ni mgonjwa wa saa ile ile, si wa kesho. Kituo ni dume.

Punje zina heshima zake. Mfuko ukishafunguliwa na kufungwa vizuri hukaa wiki kadhaa. Kifuko kikishafunguliwa kinataka jokofu, na jokofu linataka umeme, na umeme hapa Moshi, kama kwingineko, huondoka bila kuaga. Mwezi wa pili, joto la mjini likipanda, nyama iliyoachwa kwenye kibakuli tangu asubuhi hufika saa sita ikiwa mali ya nzi na sisimizi. Bei nayo si ndogo. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ya vifuko vya mwezi mzima, nikailinganisha na pensheni, nikaifuta hesabu ile kwa raba ili mke wangu asiione. Punje ni nafuu kuliko vifuko. Dagaa ni nafuu kuliko vyote viwili.

Na hapo kwenye dagaa ndipo nilipotaka kufika. Dagaa wa Ziwa Viktoria hufika kwetu wamekauka, baada ya kuanikwa ufukweni juu ya mchanga au juu ya vichanja, na wale wa mchangani huja na mchanga wao. Ni chakula kikavu kwa maana ya kifungashio cha Kiingereza. Kwa maana yetu sisi, dagaa ni kinyume kabisa cha ukavu: ndio wanaouondoa ugali katika ukavu wake. Kitenzi chake ni towea, kula kitu pamoja na chakula kikuu ili kishuke kwa utamu, na kutokana nacho tuna kitoweo. Bara tumezoea kusema mboga, hata kwa nyama ya mbuzi: mboga leo ni nini? Ni nyama. Mgeni kutoka pwani husikia hivyo akatabasamu. Binti wa Pangani husema kitoweo bila kujishaua, na samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani humwita ng'onda, neno ambalo mimi nilikuwa nalo katika daftari la msamiati lakini sikuwahi kuwa nalo mdomoni. Papa mkavu, papa wa ng'onda. Angalia jinsi pwani ilivyokwepa mtego: kitu kilichokaushwa kwa makusudi kikapewa jina lake chenyewe, na -kavu ikaachiwa kazi yake ya upweke.

Nilimuuliza daktari kama Kituo anaweza kula dagaa wa nyumbani. Alisema anaweza, kwa masharti. Waoshwe mchanga mpaka maji yawe meupe. Wasiwe wale waliotiwa chumvi. Wachemshwe bila kitunguu, kwa kuwa kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu damu ya paka. Kitunguu saumu vilevile. Kisha akasema neno lililonifanya niweke kalamu chini: mchuzi usimwagwe.

Sababu yake ni hii. Paka anahitaji kitu kiitwacho taurini, ambacho mwili wake hauwezi kukitengeneza kwa kiasi cha kutosha, na ambacho nafaka hazina. Kipo katika nyama na samaki. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis walichapisha katika jarida la Science kwamba upungufu wa taurini humletea paka ugonjwa wa moyo, moyo ukitanuka na kulegea, na kwamba paka wengi waliopewa taurini walipata nafuu. Baadhi ya paka wale walikuwa wakila vyakula vya dukani vilivyohesabiwa kuwa kamili. Baada ya hapo watengenezaji wakaongeza taurini. Sasa, taurini huyeyuka katika maji. Ukichemsha samaki kisha ukamwaga maji yake, sehemu ya taurini huenda na maji yale. Kwa hiyo bibi zetu waliompa paka kichwa cha samaki kikielea katika mchuzi wake walikuwa wakimpa zaidi ya walivyojua, na ugali mkavu wa siku 5, hata umegwe kwa huruma namna gani, haukuwa na kitu cha kuulisha moyo wa Kituo. Maziwa ya ng'ombe, ambayo kihamba kizima huamini ndiyo chakula cha paka, humharisha watoto wengi wa paka kwa sababu sukari iliyomo hawawezi kuisaga vizuri. Hapo mjukuu alikuwa sahihi, nami nilimwambia hivyo mbele ya binti.

Daktari aliongeza kwamba dagaa peke yao hawatoshi kumkuza mtoto, hivyo wawe nyongeza tu, na chakula kilichoandikwa kamili kiwe msingi. Akasema pia kwamba paka huzoea namna ya chakula angali mdogo: aliyekulia punje tupu huweza ukubwani kuikataa nyama ya mchuzi, na aliyekulia mchuzi hukataa punje. Apewe vyote mapema, ili siku ya dhiki asigome.

Nilirudi nyumbani na nia ya kuita kile cha kifukoni kitoweo, na zile punje, punje. Nilifurahishwa na uamuzi wangu kiasi cha kuutungia ubeti, ambao nauweka hapa ili wenye vina vikali kuliko vyangu wanijibu:

Mtoto wa paka wangu, akija nimpe nini?
Kavu kwangu ni uchungu, sima tupu sahanini,
Dagaa ndani ya chungu, wamelowa mchuzini,
Hilo ndilo jibu langu, kitoweo ni thamani.

Nilimsomea binti. Akasikiliza kwa adabu mpaka kituo, kisha akasema, "Ni zuri, Mwalimu. Lakini kitoweo ni cha kula na kitu. Yeye hali na kitu. Anakula chenyewe."

Nilijaribu kumjibu kwamba maana hupanuka, na kwamba samaki hubaki kitoweo hata akiwa bado ndani ya wavu. Alikubali kwa kichwa tu. Baadaye nikamkuta amechukua makopo mawili ya zamani ya kahawa, ameyaosha, amebandika karatasi juu ya kila moja. Juu ya lenye punje ameandika CHA KUTAFUNA. Juu ya lile analohifadhia vifuko ameandika CHA KULAMBA.

Nilisimama pale jikoni kwa muda. Mimi, mjukuu, kamusi na kifungashio, sote tulikuwa tumekitazama chakula, tukauliza kina maji kiasi gani. Yeye alimtazama anayekula, akauliza mdomo wake unafanya nini. Kiswahili hupenda njia hiyo: kitafunio kimetoka katika tafuna, kinywaji katika nywa, kitoweo chenyewe katika towea. Tena majina yake yanamfaa mtoto. Mtoto wa paka huanza kuota meno akiwa na wiki 3 hivi. Meno ya utoto ni 26, na ya ukubwani ni 30. Kabla ya meno kukamilika yeye ni mlambaji, na polepole anakuwa mtafunaji. Zile punje zikilowekwa katika maji ya uvuguvugu kwa dakika chache huhama kopo: kilichokuwa cha kutafuna kimekuwa cha kulamba, na hakuna aliyelazimika kutafuta kivumishi.

Ubeti sikuubadili, kwa sababu vina vimekaa. Karatasi ya mlangoni ndiyo iliyobadilika, na safari hii imeandikwa na binti, mjukuu akisimama nyuma yake kuhakiki vipimo. Asubuhi cha kulamba, nusu kifuko. Saa sita punje zilizolowekwa. Alasiri cha kulamba, nusu iliyobaki, kama jokofu lilikuwa na umeme. Kama halikuwa nao, itupwe. Usiku punje chache za kutafuna, ambazo haziharibiki tukilala. Jumamosi dagaa wawili na mchuzi wao, bila kitunguu. Maji safi katika kibakuli kipana, mbali na chakula, yabadilishwe hata kama hayajanywewa. Jumatatu iliyopita tulimpima kwenye mizani ya jikoni: gramu 910. Akifika miezi 3 atachanjwa kichaa cha mbwa.

Ninayo maswali mawili kwa walioko Lamu, Mombasa, Unguja na Pemba, na kwa ndugu zetu walioko Maskati ambao nasikia paka wao hula vizuri kuliko walimu wastaafu. Nyumbani kwenu, chakula hiki cha kifukoni mnakiitaje mkizungumza na mama zenu? Na je, kuna mtu anayekumbuka neno moja, kama lilivyo ng'onda kwa samaki mkavu, la samaki aliyeachwa ndani ya mchuzi wake kwa ajili ya paka? Binti anasema bibi yake alikuwa nalo, lakini hakulishika.